Chumvi ya pakti ya hapa Lindi: chumvi safi, shida ni duka

Wadau, hii chumvi laini ya pakti ya nusu kilo inayofungwa hapahapa Lindi kiukweli yenyewe haina tatizo. Nyeupe, kavu, haina ule mchanga wa chumvi ya mawe unaokwaruza meno ukila matembele. Mhudumu wa afya wa mtaani kwetu alikuja na yale matone ya kupimia madini joto (ayodini), tone moja tu ikageuka zambarau iliyokolea, ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya bahari ikabaki nyeupe vilevile, hata dalili hamna. Kwa hiyo nyie mnaosema chumvi ya bahari inakuja na madini joto yake hapana, maji yakishakauka yanayobaki ni kidogo mno, ndo maana wanaofungasha wanachanganya potasiamu ayodeti.

Na msiyadharau madini joto kwa udogo wake, mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250, ukipiga hesabu ya hizo 150 kwa miaka 70 haifiki hata gramu 4 jamani, maisha mazima hayo! Ila yakikosekana shingo inatoka rovu na mtoto tumboni anaathirika akili. Halafu sie huku ugali wa muhogo ndo wetu, na muhogo usioandaliwa vizuri unaleta kitu mwilini kinachozuia hayo madini kufanya kazi, sasa nani wa kujali kama sio sisi.

Tuje kwenye duka. Hili la jumla ninaponunua (jina naliacha) magunia ya pakti yanapangwa nje juani toka asubuhi, mengine yametoboka, mvua ikinyunya wanavuta turubai linafunika nusu. Jua na unyevu ndo vinavyoyamaliza hayo madini. Tulipima pakti ya nje na ya ndani, ile ya nje rangi ilikuwa hafifu kama chai ya rangi ya mgeni asiyetakiwa. Namwambia muuzaji ananijibu "dada'angu, chumvi nayo inaoza?" Aisee.

Chumvi naipa nne kwa tano, duka mbili, na hizo mbili ni kwa sababu chenji wanarudisha. Ukienda ng'ang'ania upewe ya ndani, nyumbani mimina kwenye kopo la mfuniko na mboga itie chumvi ukikaribia kuipua. Ya kukaushia papa endeleeni tu na ya mawe, bei rahisi.