Wiki 13 zimefutwa kwa sababu ya penseli

Nisianze na salamu, hasira bado ninazo.

Nilijiunga na programu ya tuzo za vijana, zile za shaba, fedha na dhahabu, za mfumo ulioanzia Uingereza mwaka 1956. Masharti siyaelezi, anayeyataka atayasoma mwenyewe. Upande wa ujuzi nilichagua useremala, saa moja kila wiki kwa miezi 3, kwa fundi mmoja mzee asiye na maneno mengi. Mwanzoni alinipa randa tu, nipige ubao mpaka nikipitisha kiganja kisikwame popote. Kigoda changu cha kwanza kiliyumba kama mlevi. Cha pili kilipasuka nikigongea mguu. Cha tatu ndicho nilichokikalia nikiandika haya.

Kila nikimaliza, fundi alichomoa penseli sikioni akanisainia kitabu cha programu, kile cha kuonyesha wiki nilizofanya kazi. Seremala ataandika na nini tena?

Siku ya kukabidhi kitabu, msimamizi hata salamu yangu hakuitikia. Alifungua ukurasa, akausugua kwa kidole, akauliza, "Hii ni nini?" Nikamwambia ni saini ya mwalimu wangu. Akasema penseli inafutika, kwa hiyo hapo hakuna kazi iliyofanyika. Akapiga mstari mwekundu, ukurasa baada ya ukurasa, wiki zote 13. Nilimwomba ampigie fundi simu. "Mimi sina muda wa kuwapigia mafundi." Lile neno "mafundi", jinsi alivyolitamka, linanichoma mpaka leo.

Na kigoda nilikuwa nacho mkononi! Hakukitupia jicho. Wanatuhubiria kwamba hapa hushindani na mtu, unajiwekea lengo lako na unapimwa kwa ulivyosonga mbele. Kumbe kinachopimwa ni wino.

Kwa hiyo ushauri wangu: msijiunge.

Ila nisiwe mwongo. Programu ina pia safari ya kulala nje usiku mmoja; kwenye yetu tulipotea njia, na mimi ambaye darasani nilikuwa sinyanyui mkono ndiye niliyetandaza ramani chini nikawaambia wenzangu watano turudi mpaka kwenye mto. Wawili walibisha. Nikabishana nao, tukarudi, njia tukaiona. Sijui ningejifunzia wapi kwingine kubishana bila kulia. Mdogo wangu sasa naye anataka kujiunga, na sijamkataza.

Nyota moja. Haya, mbili, ya pili ni ya fundi. Nikiukumbuka ule mstari mwekundu narudi palepale kwenye moja.

Fundi nilipomsimulia alicheka, akaniuliza kama kigoda bado kinayumba. Nikamwambia hapana. Akarudisha penseli sikioni, akaendelea na ubao wake.