Friji ya Gari Katika Gibb River Road
Friji hii ya lita 45, yenye kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) na inayotumia umeme wa volti 12, niliipitisha katika Gibb River Road, njia ya takriban kilomita 660 inayokatiza eneo la Kimberley huko Australia Magharibi, na kwa upande wa ubaridi sina malalamiko yoyote: nyama ilibaki imeganda hata wakati wa jua kali la mchana.

Udhaifu wake ulijitokeza kwenye umeme. Siku ya tatu, baada ya gari kutikiswa kwa saa nyingi na matuta madogo madogo ya changarawe, friji ilizimika, na taa ya tahadhari ikaonyesha kwamba volti zimeshuka, ilhali betri ilikuwa imejaa. Kompresa, ambayo ndiyo watu wengi huihofia, ilikuwa nzima kabisa. Plagi iliyokuja na friji ndiyo iliyokuwa imelegea ndani ya tundu la kiberiti cha gari, ikapata moto hadi plastiki yake ikaanza kuyeyuka, huku waya wake mwembamba ukipoteza volti njiani. Niliikata plagi hiyo, nikavuta waya mnene wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi karibu na betri, na tangu hapo haijazimika tena. Inasikitisha kwamba chombo imara kiasi hiki huuzwa na kiungo dhaifu namna hiyo, tena kwa safari ambazo fundi anaweza kuwa umbali wa siku nzima.

Naipendekeza, mradi mnunuzi abadilishe waya huo kabla ya kuondoka, abebe fyuzi za akiba, na afute kila jioni vumbi jekundu linaloziba matundu ya feni.