Spika za tahadhari ya dharura: laini mbili A na B, au kitanzi?

Jengo likiungua, sauti inayowaelekeza watu njia ya kutokea haipaswi kukatika kwa sababu ya waya mmoja. Kuna njia mbili za kuunganisha spika: laini mbili A na B, au kitanzi. Zote kwa kawaida hutumia laini ya volti 100 (waya wa kutoka amplifaya hadi spika), na kebo iwe ya kustahimili moto.

Kwa laini mbili, spika hupishana kwenye korido: moja A, inayofuata B, kila laini na amplifaya yake. A ikikatika au ikipiga shoti, B inaendelea. Sauti hupungua kwa takriban desibeli 3, lakini pengo kati ya spika huongezeka maradufu, na hapo maneno huanza kupotea. Kwa hiyo spika zipangwe karibu karibu tangu kwenye ramani. Kosa linaloniumiza zaidi ni kupitisha A na B kwenye bomba moja la nyaya: moto mmoja unaziua zote, na gharama ya laini ya pili imepotea bure.

Kitanzi ni waya unaotoka kwenye mtambo wa sauti na kurudi, ukiwa na vitenganishi njiani, yaani vifaa vinavyokitenga kipande chenye hitilafu. Waya ukikatika, spika hupata umeme kutoka upande wa pili. Ikitokea shoti, vitenganishi viwili vya jirani hufunga kipande hicho tu. Amplifaya ya akiba bado inahitajika.

Kwenye jengo kubwa lenye vyumba vingi ningechagua kitanzi. Ukumbi mmoja mpana, A na B zinatosha kabisa, mradi kila laini ipite njia yake.