Wakala wa laini nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi: mgeni mwenzangu nenda hapa

Mie mtu wa Voi, nimeolewa huku Moshi na huu ni mwaka wa pili naishi Kibosho, na kitu kilichonitesa kushinda hata baridi ya huku ni simu. Nilipofika nilichukua laini kwa kijana wa mwavuli barabarani, akanisajilia chapchap kwa jina la mtu nisiyemjua, nikaona raha, kumbe! Baada ya miezi minne laini ikafungwa na hela zangu zikiwa ndani, nikienda kudai naambiwa leta kitambulisho chenye hilo jina, nakitoa wapi sasa? Na hiyo namba ndo walikua nayo shuleni kwa mwanangu. Niliumia jamani.

Ndo shemeji akanipeleka kwa huyu wakala. Dada wa pale hakuniuliza nataka bando gani, kaniuliza kwanza naishi wapi. Nikamwambia Kibosho kule chini karibu na korongo, akasema dada usinunue bado, leo ukirudi azima simu za majirani wenye mitandao tofauti, piga ukiwa jikoni, piga ukiwa chumbani, kesho njoo uniambie. Yaani kuna muuzaji anakurudisha nyumbani na hela yako! Nikafanya hivyo, nikakuta mtandao wa mume wangu unashika barabarani tu, ukishuka kwenye migomba kimya, ila wa mama jirani unashika mpaka jikoni. Ni yale makorongo, kilima kikiwa kati yako na mnara basi tena. Horombo, ile kambi ya wapandaji kule Mlima Kilimanjaro, mita 3,720, intaneti ilifika tangu 2022, lakini sisi wa bondeni bado tunapanda juu kutafuta netiweki.

Kesho yake nikaenda na pasipoti na karatasi zangu za ukaazi, nikaweka alama za vidole, na hakuniachia nitoke mpaka nimepiga *106# nikaona jina langu mwenyewe limetokea.

Halafu ile laini yangu ya Kenya nilitaka kuitupa, akanikataza, akaiweka sehemu ya pili ya simu akazima data roming, yaani laini isile intaneti ikiwa nje ya nchi yake. Hapo ndo alinisaidia zaidi maana mama yangu yuko Voi na anajua namba hiyohiyo. Wale tunaopita Holili kwenda Taveta mnajua, ukikaribia mpaka simu inajirukia yenyewe mtandao wa upande wa pili na bando linakua halifanyi kazi, sasa kanionyesha kwenye setingi kuchagua mtandao kwa mkono na simu haihami tena. Akanieleza pia M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania jina moja ila akaunti mbili, kila moja na namba yake ya siri, mie siku zote nilidhani nikiweka hela huku nitaitoa kule. Kumtumia mama inawezekana kutoka Voda kwenda Safaricom, ila soma makato kwanza kabla hujabonyeza.

Ubaya upo. Mashine ya vidole ni moja, ikigoma mnakaa, siku yangu nilisubiri karibu saa zima nimesimama na mtoto mgongoni. Na kaunta iko wazi mno, mtu wa nyuma anakuona ukibonyeza namba ya siri, waweke hata kipande cha ubao pale.

Nenda asubuhi mapema na pasipoti yenyewe, kopi hawapokei. Jumapili wanafunga.