Rimu nzuri, muuzaji ana mdomo

“Sista, hili gari unaliendesha mwenyewe?”

Ndivyo alivyonijibu yule kijana wa duka la rimu pale Gerezani nilipomuuliza kama tundu la kati litakaa sawa kwenye gari langu. Premio yangu naijua: matundu matano ya nati, yamepangwa kwenye duara la milimita 100, kitovu kinachoingia kwenye tundu la kati la rimu milimita 54.1. Nimeandika hadi kwenye simu. Akawageukia wenzake: “Mama kaja na rula.” Wakacheka wote. Na mimi nikalipa! Zilikuwa zinang'aa jamani, nyeusi, ukingo wa fedha, moyo ulishakwenda.

Mjini kimya. Wikiendi moja naelekea Morogoro, nimeshaipita Kibaha, mshale unagusa 80, usukani ukaanza kunitetemekea mikononi kama mashine ya kusaga. Nikishuka 60, unatulia.

Nikarudi. Akasema balansi. Nikalipia balansi, usukani vilevile. Akasema barabara mbovu. Barabara gani hiyo inayoharibika nikifika 80 tu? Mara ya tatu hakuinuka hata kitini, macho kwenye simu: “Sista, we punguza mwendo.”

Aliyeniokoa ni mzee wa kuziba pancha huku kwetu Kimara. Alibandua kifuniko cha katikati, akachomeka bisibisi kati ya kitovu na rimu, ikazunguka bila kukwama popote. “Mwanangu, hii imeshikwa na nati tu.” Kumbe rimu nyingi za namna hii hutobolewa tundu kubwa la kati, langu 73.1, ili ziingie magari mengi, na pengo linazibwa kwa ringi. Akaagiza ringi nne za plastiki. Akazipachika, akakaza nati kwa kupishanisha gari likiwa bado juu ya jeki. Siku hizi nafika 100 na usukani umetulia tuli.

Nyota ngapi sasa? Rimu zenyewe nne, siwezi kusema uongo. Bei yao pia ilikuwa chini kuliko kote nilikozunguka, kwa hiyo kama unajua vipimo vyako, nenda tu. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu kwa duka.

Nazifuta. Zile ringi nilipozishika mkononi nilikumbuka nimeziona wapi: zimetungwa kwenye waya, rundo zima, juu ya kichwa chake pale dukani.