TAHADHARI: fundi wa kubadilisha raifo za mbogo, mimi keshanipiga

Wakuu mnisamehe, naandika nikiwa na hasira. Kuna fundi bunduki anajitangaza mtandaoni eti anabadilisha raifo za kuwindia mbogo na tembo, picha kali, maneno matamu, na anataka hela yote kabla hajagusa hata skrubu. Hapo tu ningeshtuka. Sikushtuka.

Nilikuwa na raifo ya risasi za .458 Winchester Magnum nikataka achimbe chemba (lile tundu risasi inapokaa kabla ya kupigwa) ipige .458 Lott, risasi ndefu zaidi. Kazi yenyewe si ya ajabu, mafundi wengi wanaifanya, maana kichwa cha risasi ni unene uleule, ganda la baruti ndo linarefuka toka milimita 63 na kitu mpaka 71. (Na nilikuwa na .375 H&H ndani, risasi inayoangusha mbogo tangu 1912, nchi kibao ndiyo kima chao cha chini kwa wanyama hatari. Tamaa tu.)

Akanitumia video, anapiga tatu mfululizo, haikwami, matundu kwenye shabaha yamebanana. Nikalala usingizi mnono. Kumbe alizopiga ni zilezile fupi za Winchester!! Chemba ya Lott inazimeza na kuzipiga vizuri tu, kwa hiyo video ile haikuthibitisha kitu. Bunduki imefika, najaza Lott kwenye magazini, haziingii. Magazini hakuigusa kabisa. Lott nzima ina kama milimita 91, ile ya zamani 85, sasa nizikunje? Ikabidi nisokomeze mojamoja kwa mkono moja kwa moja kwenye chemba, na bolti yangu (kile chuma kinachosukuma risasi na kufunga chemba) ni ya aina ya Mauser, ile ambayo kucha yake inatakiwa ilidake ganda linapopanda toka kwenye magazini, ukilitanguliza ganda chemba kucha inaweza kugoma kuruka ukingo wake na bolti isifunge. Hebu fikiria uko hivyo kichakani na mbogo uliyemjeruhi anakuja.

Haijaisha. Alinichaji boliti mbili za kupita ndani ya kitako, zile za kuzuia mbao isipasuke kwa lile teke la bunduki ikipigwa. Risasi ya nane kitako kikapasuka shingoni. Nikafungua: hamna boliti, ni vifuniko vya shaba vimegundishwa nje kama vifungo vya koti. Mbao iko kavu, hata epoksi (gundi ngumu) hajaweka pale chuma kinapokaa.

Kama una kazi kwake sasa hivi usimalizie malipo, mwambie arekodi magazini imejaa risasi bandia (zisizo na baruti) za urefu kamili, zote zinapanda na kutoka, kisha avue kitako uone ndani. Mimi nilipomuuliza akasema "risasi zako ndo mbovu", kesho yake kaniblock.

Matangazo bado yapo, na picha anayotambia ni bunduki yangu, kitako chenye fundo jeusi karibu na shavu, ilipigwa kabla hakijapasuka.