Tahadhari Nakuru: usiache spea yako ya zamani kwa muuzaji

Wenye Subaru za turbo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), hasa nyinyi mliofungiwa ile valvu ya "pshhh" inayomwaga nje hewa ya turbo, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Forester yangu ilikuwa inanizimikia. Nikikaribia raundabauti ya KFA, nikitoa mguu kwa mafuta na kukanyaga klachi, valvu inapiga pshhh, mshale wa mizunguko ya injini (rpm) unaporomoka mpaka 400, gari kimya. Usukani unakuwa mzito ghafla na matatu iko nyuma inakupigia honi. Kuwasha tena, inawaka mara moja kama hakuna kilichotokea.

Jamaa mmoja anayeuza spea hapa mjini akasikiliza maelezo, hata boneti hakufungua. "Hiyo ni sensa ya hewa imekufa, boss. Niko na moja tu, ex-Japan." Shilingi 14,000, nitume kwa namba yake mwenyewe maana till (namba ya M-Pesa ya duka) "inasumbua". Akachomoa yangu, akafunga yake, ile ya zamani akaitia kwenye droo. Nami nikanyamaza! Hapo ndipo nilipoibiwa.

Siku mbili baadaye mshale ukaanza kupanda na kushuka gari likiwa limesimama tu, 500, 1,200, 500, na bado gari linazima palepale. Nikaitoa ile sensa niitazame. Maandishi ya "Japan" ni stika, nilipoikwaruza kwa ukucha ikabanduka. Kurudi dukani naambiwa vitu vya umeme havirudishwi, na yangu "ilitupwa". Kisha akataka kuniuzia pampu ya petroli.

Fundi wangu wa Free Area alicheka kwanza. Sensa iko kabla ya turbo, inahesabu hewa inayoingia, na kompyuta inanyunyiza petroli kulingana na hesabu hiyo. Valvu aliyofunga mwenye gari wa kwanza inamwaga nje hewa ambayo tayari imehesabiwa. Petroli inakuja, hewa haipo, injini inasongwa na mafuta, inazima. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa hiyo kwenye paipu kati ya sensa na turbo. Alifunga valvu ya aina hiyo kutoka gari lililochinjwa kuuzwa spea, akanyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo vya intakula (rejeta inayopoza hewa ya turbo) kutafuta panapovuja, akapata klipu moja imelegea. Kuzima kukaisha siku hiyo hiyo. Kule kupanda na kushuka kuliisha tu nilipopata sensa halisi, pesa nyingine tena.

Kwa hivyo sensa yangu haikuwa na shida yoyote. Jamaa alinipa kopi, akabaki na orijino, na sidhani iliona pipa la taka.

Mtu akikwambia sensa imekufa, mwambie aipime na mashine ukiona. Ukinunua, lipa kwa till, dai risiti, na ile ya zamani uende nayo nyumbani hata kama imeungua.

Yangu ina nukta ya rangi nyeupe ubavuni na sikio moja la skrubu limepasuka kidogo. Ukiuziwa kama hiyo Nakuru hii, tafadhali niandikie inboksi.